Uzi, pasi na kichwa cha mdogo wangu: shajara ya mradi wa nywele

Februari, wiki ya kufungua shule

Mradi huu umezaliwa na ubishi. Saluni yangu iko Bombo, kando ya barabara iendayo Gulu, na kwenye benchi langu hukaa akina mama wa Kinubi, wake za askari waliotoka Arua, Kasese na Soroti, na wasichana wanaotaka kutengenezwa haraka kabla ya kupanda gari la Kampala. Wote tunaelewana kwa Kiswahili mpaka zitajwe nywele. Hapo kila mtu ana elimu yake.

Wapo wanaoshikilia kwamba ukisukwa uzi tangu utotoni, nywele huzoea kunyooka na kipilipili hulegea chenyewe. Wapo wanaoulaumu wembe. Wiki hii ni zamu ya wembe, maana shule nyingi za Uganda haziruhusu msichana kufuga nywele, na tangu asubuhi mashine ya kunyolea haijapoa. Mama mmoja, akimtazama bintiye akinyolewa kwa ajili ya Senior One, mwaka wa kwanza wa sekondari, aliguna: "Basi tena. Zilikuwa laini hizo. Zikirudi zitakuwa kama waya wa kusugulia sufuria." Naye jirani yangu wa duka la simu anaapa kwamba pasi ilimtoa kipilipili miaka mingi iliyopita na hakijarudi hadi leo.

Nikaona mzizi huu wa fitina ukatwe kwa kupima, maana kwa mdomo hatutaumaliza.

Kichwa nimekipata nyumbani. Mdogo wangu alimaliza Senior Six mwaka juzi na tangu hapo amefuga. Hajawahi kutia dawa wala kupiga pasi, na ukiuvuta unywele wake unafika kama upana wa kiganja. Amekubali kwa masharti mawili: nimsuke rasta za Krismasi bure, na robo ya pasi iwe nyuma, asipokuona mtu.

Kwa hiyo kichwa nimekigawa robo nne kwa kitana cha mkia. Mbele kulia ni uzi, unafumuliwa na kufungwa upya kila wiki. Mbele kushoto hakuna kitu zaidi ya kuoshwa, kondishna na misokoto legelege. Hiyo ndiyo robo ya kulinganishia. Nyuma kulia ni draya na pasi. Nyuma kushoto ni biswahili za kawaida, yaani mistari inayolazwa kichwani, kama anavyosukwa kila mtu hapa.

Kilichonisumbua ni namna ya kutenganisha unywele wa zamani na utakaoota mradi ukiendelea. Nikatumia hina. Nimempaka kichwa kizima, kuanzia ngozini hadi nchani, nikamfunga mfuko wa plastiki, nikamwacha na filamu zake. Alipokauka nikamtoa juani: nyeusi imepata wekundu wa shaba, hauonekani ndani ya nyumba lakini nje hauna siri. Kuanzia leo, kitakachotoka ngozini kikiwa cheusi tititi ndicho kipya.

Februari, siku chache baadaye

Mteja amenipinga, na ana hoja. Anasema hina yenyewe hulegeza mikunjo. Ni kweli rangi ya hina hushikana na keratini, ile protini inayojenga unywele, na watu wengi waliopaka mara nyingi husema nywele zao zililegea kidogo. Lakini robo zote nne zimepakwa sawa, na hukumu itatoka kwenye sehemu nyeusi ambayo hina haikuigusa. Amekubali, japo kwa kununa.

Kipimo chenyewe ni cha kimaskini. Naosha kwa shampuu, simpaki mafuta ya aina yoyote, hata moo yaa, yale mafuta ya shea ya kaskazini ninayoyapenda, kwa sababu mafuta mazito huulemea unywele na kuufanya uonekane umelegea. Naziacha zikauke zenyewe bila kuguswa. Kisha nakata nywele chache kutoka kila robo karibu kabisa na ngozi, nazilaza juu ya karatasi nyeupe na kulinganisha upana wa vipete vyake na vitu viwili: mrija wa wino wa kalamu na sindano nene ya kufumia. Nywele za mdogo wangu karibu zote zinauzunguka mrija wa wino. Hiyo ni kama milimita tatu. Watafiti walikwisha kufanya jambo la namna hii kwa vifaa vya maana: mwaka 2007 ulichapishwa utaratibu uliogawa nywele za binadamu duniani katika aina 8 kwa kupima mikunjo, badala ya kumtazama mtu usoni na kusema huyu ni wa nchi fulani.

Machi

Uzi umeanza kutoa sifa, na mdogo wangu ameanza kuniringia. Ukiufumua uzi Jumamosi, robo ile inasimama ndefu, laini, imenyooka kama haina undugu na robo ya jirani. Akina mama kwenye benchi wamefurahi sana. "Si tulikwambia?"

Jumatatu mvua ikatunyeshea tukitoka sokoni. Mpaka tunafika saluni robo ya uzi ilikuwa imerudi kichwani, imejikunja, sawasawa na ya kushoto. Nikaukata unywele nikaulaza kwenye karatasi: mrija wa wino.

Hapo hakuna muujiza. Ndani ya unywele, nyuzinyuzi za keratini zimeshikanishwa na vifungo vya namna mbalimbali. Vilivyo dhaifu ni vya haidrojeni: maji huvifungua, na unywele ukikauka hujifunga upya kwa umbo utakaloukuta nalo. Ukikauka ndani ya uzi, unashika umbo la uzi. Ukikauka kwenye roli, unashika umbo la roli. Unyevu ukiingia tena, vifungo vinaachia na unywele unarudi ulikotoka. Hakuna kuzoea, kwa sababu hakuna wa kuzoea: sehemu ya unywele unayoiona nje ya ngozi imeshakufa. Haina damu wala mshipa wa fahamu, ndiyo maana mkasi hauumi.

Kijana mmoja wa boda aliyekuwa akisubiri mkewe akaingilia na mawimbi yake kichwani, akisema yeye amezifundisha nywele zake kwa brashi na kitambaa cha kulalia, na sasa zimetii. Nikamwomba aache brashi mpaka mwisho wa mwezi. Alinitazama kama nimemwomba pikipiki.

Aprili

Akika kwa jirani. Mtoto amenyolewa siku ya saba, na bibi wa mtoto akaanza: nywele za singa hizi, tazameni, zinakwenda na wembe, hazirudi. Ni maneno ninayoyasikia kila akika. Na ni kweli kwamba nywele za kwanza za mtoto ni laini na zile zinazofuata hujiviringa zaidi. Lakini hapa Bombo tunaishi na Wakristo ukuta kwa ukuta, watoto wao hawanyolewi siku ya saba, na wakifika umri wa kutambaa kipilipili kimewapata vilevile. Kifuko cha unywele chenyewe ndicho kinachokomaa. Mwaka 1928 mtaalamu wa anatomia wa Marekani, Mildred Trotter, aliwapima wanaume walionyoa ndevu na hakuona wembe ukiongeza unene wala kasi ya kuota. Kinachodanganya mkono ni ncha: unywele usiokatwa huchongoka mwishoni, ukikatwa unabaki na ncha butu, na ncha butu inachoma kiganja.

Haya nayasema pia kwa ajili ya wale wasichana wa Senior One. Wanakaa miaka minne au sita wakinyolewa, na katika miaka hiyohiyo wanavunja ungo. Homoni za balehe zinaweza kabisa kubadili unywele unaotoka. Kisha lawama zote anabebeshwa kinyozi.

Mei

Robo ya pasi. Niliichelewesha kuiandika kwa sababu ndiyo yenye mambo.

Mwanzoni ilifanya kama uzi: inanyooka, inaoshwa, inarudi. Halafu ikaanza kuchelewa kurudi. Sasa nikiosha, sehemu ya karibu na ngozi inajikunja na nchani inabaki imening'inia, haijui inyooke au ijiviringe. Ukiipitisha katikati ya vidole inakwaruza. Nimeilaza kwenye karatasi nikaona kitu cha ajabu kidogo: unywele mmoja, chini una vipete vya mrija wa wino, katikati vipete vimepanuka hadi sindano ya kufumia, juu ni mstari wenye kona mbili tatu kama waya uliokanyagwa. Mmoja ulikatikia mkononi mwangu pale kwenye kona.

Pasi nyingi hufika nyuzi 230 za sentigredi. Keratini kavu huanza kuvurugika ikishapita nyuzi 200, na yenye maji huvurugika mapema zaidi, karibu na 150. Kwa hiyo anayepiga pasi nywele mbichi ili zitoe ule mvuke wa kupendeza anaziumiza mara mbili, kwa sababu maji yaliyomo ndani huchemka na kuacha viputo kwenye unywele. Moto wa namna hiyo hauishii kufungua vifungo vya haidrojeni. Unaharibu protini yenyewe, na protini ya unywele uliokwisha kutoka haina wa kuitengeneza upya. Kondishna hufunika nyufa. Yai, parachichi na mayonezi nazo hufunika, zikiacha na harufu juu yake.

Kwa hiyo upande mmoja jirani wa simu yuko sahihi: mazoea ya pasi yanaweza kuubadili unywele moja kwa moja, hadi utakapokatwa. Neno zito hapo ni "unywele". Sehemu nyeusi ya robo hiyohiyo, ile isiyo na hina, bado nailinda. Nampiga pasi kuanzia palipo na shaba tu, nikiacha nyeusi. Umeme ulikatika tukiwa katikati wiki iliyopita na mdogo wangu akashauri tuweke chanuo kwenye sigiri ya mkaa kama alivyokuwa akifanya shangazi. Nimekataa. Sigiri haina namba, ningeandika nini?

Juni

Sikupima. Sikukuu ya Mashahidi wa Namugongo tarehe 3, na Idi palepale. Vidole vyangu vimekufa ganzi kwa rasta.

Julai

Leo si kichwa cha mdogo wangu. Mteja mpya ametoka safari ya mbali, anataka rasta ndogondogo, za kubana, "zikae". Nilipovua kitambaa nikaona upaji wa uso umepanda juu. Mbele kabisa umebaki mstari mwembamba wa nywele laini, fupi, nyuma yake pengo, kisha ndiyo zinaanza nywele zenyewe. Kando ya sikio kulikuwa na vipele vyenye usaha kwenye mashina. Anasema nywele za mbele "zimebadilika zikawa za singa".

Hazijabadilika. Kilichobaki pale ni nywele changa ambazo ni fupi mno hata msusi hawezi kuzishika, ndizo zilizosalimika. Nyingine zimeng'olewa. Upara wa kuvutwa una historia ndefu: uliandikwa mwaka 1907 kwa wanawake wa Greenland waliokuwa wakibana nywele zao kwa nguvu, kwa hiyo si ugonjwa wa ngozi nyeusi wala wa kipilipili. Ukiwahi kuacha kuvuta, nywele huota tena. Ukiendelea, kifuko kinajaa kovu na hapo hata daktari hana la kurudisha.

Hili ndilo zoea pekee ninaloliona likifika hadi kwenye mzizi, na halibadili mkunjo. Linafunga duka. Nimekataa kumsuka rasta, nikampa misokoto mikubwa bila kugusa ukingo. Amelipa kwa uso mzito, na sidhani atarudi.

Agosti

Jirani wa duka la simu amekubali nimwoshe. Nilimbembeleza tangu Machi, mwisho nikamwambia ni bure.

Nywele zake zinagusa mabega, na anasema kipilipili kilikufa. Nikaosha, nikasuuza, nikamwambia akae bila draya mpaka zikauke. Alipoona kioo alitaka kuondoka. Kwenye ngozi palikuwa na kipilipili kizima, kizito, kama urefu wa ukucha, kisha kuanzia hapo kuteremka ni nywele zilizonyooka. Tatizo ni kwamba hajawahi kukiona: kila wiki ya pili anapiga pasi, na kipya hakijapata nafasi ya kutokeza kabla hakijapitiwa.

Hesabu yake inaeleweka. Nywele za watu wenye kipilipili huota taratibu kuliko za Wazungu, kwa wastani pungufu ya sentimita moja kwa mwezi. Nywele za sentimita 30 ni kazi ya miaka mitatu na zaidi. Ukiziunguza leo halafu ukaacha, utatembea nazo miaka mitatu zikiwa zimening'inia, na hutaamini kwamba chini kunaota kitu kingine. Watu wakisema nywele zao zimebadilika daima, mara nyingi wanaongelea urefu ambao hawajaukata.

Hiyohiyo ndiyo hesabu ya dawa. Krimu ya kunyoosha yenye sodiamu haidroksaidi ina pH, kipimo cha asidi na alkali, ya 12 hadi 14, na huvunja vifungo vya salfa, vile vigumu ambavyo maji hayaviwezi. Kalikiti ya enzi za mama zetu ilitumia kemikali nyingine, thioglikoleti, ikavivunja kisha ikavifunga upya juu ya roli. Zote mbili ni za kudumu, na bado wateja wanarudi baada ya miezi miwili kutia dawa kwenye mashina. Kama dawa ingefika kwenye mzizi, saluni za Uganda zingefungwa siku nyingi.

Swali likawa: basi hakuna kinachobadili mzizi? Kipo, ila hakitoki saluni. Mama mmoja wa mtaa wetu alitibiwa saratani katika hospitali ya Mulago, Kampala, nywele zikaanguka zote, na zilipoota zilikuwa laini za mawimbi, mumewe akawa anazishika kama haamini. Baadaye zikaanza kurudi taratibu kwenye kipilipili chake. Dawa za saratani hugonga seli zinazogawanyika haraka, na seli za mzizi wa unywele ni za kwanza kuumia. Wazee nao wanakumbuka watoto wenye unyafuzi: nywele nyekundu, zimenyooka, zinang'oka bila maumivu. Pale Mulago, kitengo cha Mwanamugimu kimehudumia watoto wa namna hiyo tangu miaka ya 1960. Mtoto akipata protini, unywele mweusi wa kujikunja huanza tena chini ya ule mwekundu, na akiyumba tena rangi inayumba naye, mpaka unywele mmoja unakuwa na mistari kama bendera. Miaka ya mwanzo ya Ukimwi watu walijifunza kuogopa nywele zilizolainika ghafla, na hofu ile haikuwa ushirikina, kwa sababu ugonjwa ukikomaa bila dawa unaweza kufanya hivyo. Mimba, uzee, na baadhi ya dawa za kifafa pia.

Kwa hiyo mteja akiniambia zimebadilika kuanzia kwenye ngozi, na hajapiga pasi wala kutia dawa, simuulizi anatumia mafuta gani. Namuuliza kama anaumwa.

Septemba, mwisho wa mwezi

Siku ya kukata. Mdogo wangu kakaa uani, juani, kitambaa begani. Mstari wa hina unaonekana vizuri sana: shaba juu, nyeusi chini, na nyeusi ukiivuta ni karibu sentimita tano. Nimeosha, nimeacha ikauke, nimekata kutoka robo zote nne na kuandika nyuma ya kila karatasi, kisha nikampa kijana wa boda achanganye karatasi bila mimi kuona na kunirudishia upande mtupu.

Sehemu za shaba nilizitambua mara moja. Ya pasi ilijitangaza yenyewe. Ya uzi ilikuwa na mikunjo kamili lakini ncha zimechanika kidogo, nadhani ni pale ninapofunga fundo la mwisho. Biswahili na misokoto sikuweza kuzitofautisha.

Sehemu nyeusi nilishindwa zote nne. Nilizigeuza, nikazilinganisha na mrija wa wino, nikabahatisha, nikakosa. Benchi zima lilijaribu, na aliyepata sawa alipata moja akakosa tatu. Uzi, pasi, biswahili na misokoto, vyote vimetoa kipilipili kilekile.

Hii inaendana na kilichooneshwa mwaka 2005 na watafiti wa Ufaransa: walichukua vifuko vya nywele za kipilipili, wakavikuza maabara nje ya kichwa, na vikaendelea kutoa unywele uliojipinda. Umbo linapangwa chini kabisa, kwenye tunguu la mzizi, ambalo kwa wenye kipilipili limejikunja na seli zake hazigawanyiki sawa pande zote mbili. Mkono wa msusi unaanza kazi baada ya hapo.

Kijana wa boda, kwa taarifa yenu, aliacha brashi kwa wiki kadhaa kwa shingo upande. Mawimbi yalipotea. Amerudia brashi.

Oktoba

Robo ya pasi nimeikata hadi kwenye nyeusi, mdogo wangu mwenyewe kaomba. Kwa kuwa kichwa kimekuwa na ngazi, nimemsuka biswahili za kuelekea nyuma hadi zilingane, na rasta za Krismasi ananidai bado.

Jirani wa duka la simu amenunua kofia ya kulalia na ameacha pasi, au ndivyo asemavyo. Anataka kuwa kichwa cha pili. Nimemfunga vijiuzi vyekundu vidogo kwenye nywele kadhaa pale kipilipili kinapokutana na kilichonyooka, kwa sababu hina hataki, anasema itamharibia rangi. Kila akija kununua maji hapa naangalia vijiuzi vimesogea kiasi gani kutoka kwenye ngozi. Mama wa yule binti wa Senior One naye nimemwambia amlete likizo ya Desemba, tupime kabla ya mashine ya Februari.